Kutoka Honi Hadi Rilei: Historia ya Simu Iliyofichwa Ndani ya Gari

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini leo nina jambo ambalo nimelikusanya kwa muda na naona limeiva. Ni kuhusu simu. Si ile iliyo mfukoni mwako, bali ile iliyo ndani ya gari lako, nyuma ya dashibodi, ambayo pengine hujui kama unayo.

Kama gari lako ni Toyota Crown au Lexus iliyoletwa kutoka Japani, kuna uwezekano mzuri kwamba lilikuja na simu yake kutoka kiwandani, na kwamba simu hiyo haijawahi kupata mtandao tangu gari liliposhuka melini Mombasa. Kama ni Probox ya kubebea miraa kutoka Maua, ya kiwandani huna, lakini bila shaka kuna nyingine ambayo fundi alikufungia mahali pa siri na kukuambia usimwonyeshe mtu yeyote. Zote mbili zina antena, zote zina laini ndani, na zote zinakula umeme wa betri yako.

Kazi yangu ni kuandika programu, na sehemu ya kazi hiyo ni seva zinazopokea taarifa za magari yanayopita kati ya Meru, Chuka, Embu na Nairobi. Kwa hiyo kwa muda mrefu magari nimeyaona kama baiti tu zinazoingia usiku na mchana. Siku moja niliamua kuifuata baiti moja kurudi nyuma mpaka kwenye waya inakotoka. Waya ulinipeleka kwenye plagi, plagi ikanipeleka kwenye historia, na historia yenyewe ni tamu kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi wa rika langu hawalijui. Simu ya gari haikutokana na simu ya mkononi. Ni kinyume chake. Simu ya kwanza ya kutembea nayo ilikuwa ya gari, kwa sababu rahisi tu kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kuibeba. Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis huko Marekani, huduma ya kwanza ya kibiashara ya simu za magari ilianza, na mitambo iliyofungwa ndani ya gari ilikuwa na uzito wa takriban kilo 36. Huo ni uzito wa gunia la viazi ambalo halijajaa sana. Mtandao wa kwanza wa kibiashara wa minara inayogawana eneo kwa seli, ule tunaoujua leo, ulianzishwa na kampuni ya NTT jijini Tokyo mwezi Desemba 1979, nao pia ulikuwa wa simu za magari. Chicago ilifuata Oktoba 1983, Uingereza Januari 1985. Mwingereza alitumia mfumo ulioitwa TACS, na toleo lake lililopanuliwa, ETACS, ndilo lililofika kwetu Kenya.

Ilikuwa mwaka 1993, enzi za shirika la Posta na Simu, KPTC. Kifaa kimoja kiliweza kugharimu hadi Sh250,000. Kwa miaka yote kutoka 1993 hadi 1999 nchi nzima haikufikisha wateja 20,000. Mimi hata sikuwa nimezaliwa wakati ule, lakini ukiongea na wazee wa biashara watakuambia kwamba kuona antena fupi iliyojipinda kama chemchemi juu ya kioo cha nyuma cha Mercedes kulitosha kukujulisha kwamba mwenye gari si mtu wa kawaida.

Antena ile haikuwa pambo. Bodi ya gari ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Ndiyo maana simu ya gari ya mfumo wa Kimarekani wa AMPS ilikuwa na nguvu ya wati 3, ilhali ile ya mkononi ya mfumo uleule ilikuwa na wati 0.6 tu. Gari lilitoa vitu vitatu ambavyo mfuko hauna: umeme mwingi, nafasi, na mahali pa kusimika antena nje.

Sasa tuifungue plagi. Mitambo ya Motorola ya wakati ule ilikaa ndani ya buti, na kebo nene ikapita chini ya zulia mpaka mbele kwa dereva, ikiishia kwenye plagi ya pini 25. Usiogope hizo 25, kazi zake ni chache. Kwanza kuna umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, ule usiokatika hata ukizima gari. Pili kuna athi. Tatu kuna waya ambao hauendeshi chochote, kazi yake ni kuiarifu simu tu: ufunguo umewashwa au umezimwa? Watu huudharau waya huu wa tatu, lakini bila huo simu isingejua wakati wa kulala, na asubuhi ungekuta betri imekufa. Hesabu yake ni nyepesi. Kifaa kinachovuta miliampea 50 bila kupumzika kitamaliza betri ya Ah 45 kwa saa 900, yaani siku 37 na nusu, na gari litakataa kuwaka muda mrefu kabla ya siku hizo kwisha. Kifaa kinachotafuta mtandao kisiupate huvuta zaidi.

Baada ya hizo tatu zinakuja pini za sauti: maikrofoni, spika, na nyingine moja ya kunyamazisha redio. Simu ikilia, mtambo unaupeleka waya huo kwenye athi na redio inanyamaza yenyewe ili bwana mkubwa aongee.

Halafu kuna pini niipendayo kuliko zote. Ilikuwa ya honi! Ukiwa umeshuka, umesimama dukani au shambani, na mtu akakupigia, simu ingeliza honi ya gari ili usikie. Fikiria jambo hilo kidogo. Mtu aliye mbali anabonyeza namba, na gari ambalo halina dereva ndani linafanya kitendo. Ilikuwa anasa ndogo tu, na majirani hawakuipenda, lakini hapo ndipo kwa mara ya kwanza simu iliacha kuwa mgeni wa gari ikaanza kuliamuru. Iweke akilini, tutairudia.

Mfumo ule wa kizamani ulikufa lakini uliacha alama. Chukua redio yoyote ya gari ya kununua dukani inayofuata kiwango cha ISO 10487, kile chenye plagi mbili za pini nane nane. Kwenye plagi A, pini namba 2 ni ya kunyamazisha wakati wa simu. Watu wengi hawajawahi kuunganisha chochote hapo. Mafundi wetu huukata waya huo na kuufunga selotepu. Lakini upo, umekaa pale kama kidole cha sita, kwa sababu wakati kiwango kile kinaandikwa simu ilikuwa kitu cha gari. Na hata simu zilipohamia mkononi, vile vifaa vya Nokia vya kuongea bila kushika simu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuja na nyaya zilezile nne: umeme wa kudumu, athi, waya wa ufunguo na waya wa kunyamazisha redio.

Kidogo kuhusu rangi, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Redio za dukani hutumia njano kwa umeme wa kudumu, nyekundu kwa ufunguo, nyeusi kwa athi. Fundi aliyejifunza kwa redio hizo akilifungua Toyota kutoka Japani hazikuti rangi hizo. Mara nyingi atakuta bluu yenye mstari wa njano kwa umeme wa kudumu, kijivu kwa ufunguo na kahawia kwa athi. Kwenye michoro ya Toyota pini zimeandikwa +B, ACC, IG na GND, na hayo ndiyo ya kutafuta. Fundi mmoja wa Makutano hapo Meru, mzee wa zaidi ya miaka 50, aliniambia kwamba yeye haamini rangi hata siku moja. Anaamini taa yake ya kupimia tu. "Rangi ni jina, kijana wangu," alisema, "na jina mtu anaweza kupewa lolote." Nilimwambia kwamba sisi waandishi wa programu tuna tatizo hilohilo na majina ya vigezo. Alinitazama tu.

Turudi kwenye historia. Mwaka 2000 KenCell na Safaricom wakaingia na GSM, na simu ya gari ikafa Kenya karibu kwa usiku mmoja. Laini ikawa kadi ndogo unayoweza kuichomoa na kuihamisha, simu ikawa ya mfukoni, na kampuni moja ikabadilisha jina mara tatu (KenCell, Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010) huku wateja wakiongezeka kutoka maelfu hadi mamilioni. Hakuna mtu Embu aliyekuwa akiuliza tena kuhusu plagi ya pini 25.

Lakini wakati sisi tunaitoa simu garini, watengenezaji wa magari walikuwa wanairudisha kwa mlango wa nyuma. General Motors ilitangaza OnStar mwaka 1996, ikaanza na Cadillac za mwaka wa 1997. Nchini Japani huduma ya dharura ya HELPNET ilianza mwaka 2000: kitufe juu ya kichwa cha dereva, ukikibonyeza unaongea na mhudumu ambaye tayari anajua gari liko wapi. Toyota, ambayo ilikuwa imejaribu huduma ya MONET tangu 1997, ilizindua G-BOOK Oktoba 2002 ndani ya kigari cha ajabu kilichoitwa WiLL Cypha. Ndani yake kulikuwa na sanduku dogo la mawasiliano ambalo Toyota hulitaja kwa herufi DCM, na lilitumia mtandao wa KDDI wa aina ya CDMA.

Ukilishika sanduku kama hilo mkononi na kuangalia plagi yake, utacheka. Umeme wa kudumu. Ufunguo. Athi. Maikrofoni. Spika. Kunyamazisha. Ni mzee yuleyule wa 1985 amevaa suti mpya! Vilivyoongezeka ni vitu vichache: betri ndogo ya akiba ili kitufe cha dharura kifanye kazi hata betri kubwa ikiharibika katika ajali, waya wa kuarifiwa na mfumo wa mifuko ya hewa, antena ya GPS, na jozi ya nyaya za CAN, yaani mtandao wa ndani ambao kompyuta za gari huongea wao kwa wao. Magari ya Ulaya yana plagi za antena ziitwazo Fakra ambazo hazikuruhusu kukosea: ya buluu ni ya GPS, ya zambarau iliyoiva ni ya simu, na kila moja ina meno yake, huwezi kuisukuma mahali pa nyingine. Natamani kila kitu duniani kingetengenezwa hivyo.

Tofauti kubwa, hata hivyo, haikuwa kwenye plagi kabisa. Ilikuwa kwenye laini. Wakati wewe na mimi tulikuwa tunasherehekea uhuru wa kuhamisha kadi yetu tunavyotaka, DCM ilikuja na utambulisho wake umefungiwa ndani, na mkataba wake uko kwa mtengenezaji. Huchagui mtandao, hubadilishi namba. Kuna waliofanya vingine: Audi za kuanzia mwaka 2011 hivi ziliwekewa tundu la kadi kwenye dashibodi, ukitia laini yako gari linaingia mtandaoni. Gari kama hilo likiletwa Kenya kutoka Uingereza, linaweza kuzungumza na mnara wa Nairobi, maana GSM ni GSM. Lakini Crown ya CDMA kutoka Nagoya, hata ungeipa baraka za wazee wote wa Njuri Ncheke, haiwezi kuzungumza na mnara wa Kenya. Lugha si moja.

Na hata kwao mambo hayakudumu. Mtandao wa analogi wa Marekani uliruhusiwa kuzimwa Februari 2008, na OnStar ikawaacha wateja wenye magari ya analogi pekee mwanzoni mwa mwaka huo. KDDI ilizima 3G yake tarehe 31 Machi 2022, na huduma ya G-BOOK ikaenda nayo. Sasa piga hesabu hii ya Kikenya: sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Gari la mwaka 2014 lilikuwa linaweza kushushwa Mombasa mwaka 2021. Mwenyewe wa Embu alilinunua likiwa na kitufe cha dharura kilichoandikwa Kijapani, hakifanyi kazi kwa sababu yuko Kenya, na mwaka uliofuata kisingefanya kazi hata kama angelirudisha Japani. Chuma kinaweza kuishi miaka 20. Mkataba wa mtandao hauishi hivyo.

Kwa hiyo watu huliondoa sanduku hilo. Na hapo ndipo pini za zamani zinalipiza kisasi. Katika Toyota kadhaa za miaka ya karibuni, waya wa maikrofoni na wa spika moja ya mbele hupitia ndani ya DCM kabla ya kufika kwenye redio, ili mhudumu wa dharura aweze kukusikia. Ukichomoa DCM, ghafla ukipiga simu kwa Bluetooth mtu wa upande wa pili hakusikii, na spika moja imekuwa bubu. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anailaumu redio, redio mpya inanunuliwa, tatizo liko palepale. Dawa yake ni kipande cha waya kinachounganisha pini za kuingia na za kutoka kwenye plagi ileile iliyoachwa wazi. Kazi ya dakika kumi ikiwa una mchoro. Bila mchoro ni kazi ya siku tatu na ugomvi.

Sasa tufike kwenye simu ya pili, ile ambayo karibu kila gari la biashara Meru na Embu linayo. Sote tunaiita traka.

Sitaeleza sana kwa nini zinahitajika huku. Miraa ikichumwa Igembe ina muda wa takriban saa 48 kabla haijapoteza nguvu yake, kwa hiyo kutoka Maua hadi Nairobi gari linakimbizana na saa, na mwenye mzigo anataka kujua liko wapi kila dakika. Muguka wa Mbeere nao una haraka yake. Matatu nazo zimesukumwa na sheria: kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na vile vya baadaye vikaanza kurekodi na kutuma taarifa. Na mtu akikopa pesa kwa logbook ya gari, mkopeshaji kwa kawaida hufunga traka kwanza ndipo aachilie pesa.

Traka ya kawaida ina nyaya nne au tano tu. Umeme wa kudumu, athi, waya wa ufunguo. Unaona? Bado ni walewale. Lakini angalia kilichokosekana. Hakuna maikrofoni, au ikiwapo mara nyingi si kwa ajili yako bali kwa ajili ya mtu anayetaka kusikiliza. Hakuna spika. Hakuna kunyamazisha redio, kwa sababu hakuna mtu wa kuongea naye. Pini zote za dereva zimeondoka, na mahali pake pamekuja waya mmoja mpya: wa rilei.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme. Ile ya magari ina miguu mitano yenye namba za Kijerumani ambazo kila fundi kutoka Chogoria hadi Runyenjes anazijua kwa moyo: 85 na 86 ni za koili, 30 ndipo umeme unapoingia, 87a ni njia iliyofungwa rilei ikiwa imelala, na 87 ni njia inayofungwa rilei ikiamka. Fundi anakata waya wa pampu ya mafuta, anaupitisha kwenye 30 na 87a. Traka ikiamriwa, inaiamsha koili, 87a inaachia, pampu inanyamaza, injini inazima.

Katika seva yangu tendo lote hilo ni biti moja. Itifaki ya GT06 ya Concox, ambayo traka nyingi za Kichina huiongea au huiiga, huanza kila ujumbe kwa baiti 78 78 na kumaliza kwa 0D 0A. Ujumbe wa aina ya 13 ni mapigo ya moyo, na ndani yake mna baiti moja inayobeba hali ya nyaya. Gari likiwa linatembea vizuri utaona 46: biti ya 6 inasema GPS inafanya kazi, ya 2 inasema umeme wa gari unaingia, ya 1 inasema ufunguo umewashwa. Dereva akizima anapokula Chuka, 46 inakuwa 44. Huo ndio waya wa ACC, ule uleule wa Motorola! Na mafuta yakikatwa, biti ya 7 inasimama, 46 inakuwa C6. Nilipoielewa baiti hii niliacha kuiita takwimu. Kuna mtu ndani ya hiyo C6.

Ndiyo maana nasema swali la pini gani imefungwa wapi si la mafundi peke yao. Barabara ya Embu kwenda Meru inapita kwenye daraja la Nithi, kwenye mteremko mkali wenye kona, mahali ambapo Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali hiyo siihusishi na traka hata kidogo. Naitaja ili ujue mahali tunapopazungumzia. Injini ikizimwa hapo gari likiwa mbioni, usukani unakuwa mzito na breki inapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Watengenezaji wanalijua hilo. Mwongozo wa GT06 unasema amri ya kukata mafuta itekelezwe tu gari likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa na GPS ikiwa imeshika. Lakini hilo ni sharti lililoandikwa ndani ya programu ya kifaa, na kifaa cha kuigiza si lazima kilitii.

Kuna njia ya kulitatua kwa waya badala ya programu, na mimi, mwandishi wa programu, ndiyo ninayoipendelea. Badala ya kukata pampu ya mafuta, fundi akate waya wa stata. Amri ikija, gari linalotembea litaendelea kutembea mpaka dereva alizime mwenyewe, na hapo ndipo litakataa kuwaka tena. Mwizi ataenda mbali kidogo zaidi. Dereva wako atafika chini ya mteremko akiwa mzima.

Swali la pili la kumuuliza fundi ni 87 au 87a. Wengi hutumia 87a, kwa hiyo traka ikifa au ikichomolewa gari linaendelea na safari, nzuri kwa dereva, na nzuri kwa mwizi pia anayejua pa kutafuta. Ukitumia 87, koili lazima ibaki macho safari nzima, na waya ukilegea kwa mtikiso wa barabara za Igembe gari litakufa katikati ya njia saa nane usiku. Nimekutana na wenye magari ambao wamelipa pesa nyingi kwa traka na hawajawahi kuulizwa wanataka ipi.

La tatu, laini ni ya nani? Mnamo 1993 ilikuwa ya mwenye simu. Kwenye DCM ni ya mtengenezaji. Kwenye traka mara nyingi ni ya kampuni ya ufuatiliaji, na amri zinaweza kwenda kwa SMS ya kawaida. Traka nyingi za bei nafuu, kama zile za Coban, hutoka kiwandani na nywila 123456. Julai 2022 shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, lilitoa onyo kuhusu traka aina ya MV720 ya kampuni ya MiCODUS ya Shenzhen. Watafiti wa BitSight walikuwa wamegundua kwamba mtu asiye na ruhusa angeweza kuliona gari na hata kukata mafuta yake, na kampuni hiyo ilikuwa na vifaa milioni 1.5 katika nchi 169. Nywila ya kuanzia? 123456. Kwa hiyo mtu aliye popote pale angeweza kufanya kile ambacho pini ya honi ilifanya zamani, ila safari hii si kelele.

Ukienda kufungiwa traka, basi, omba uonyeshwe rilei kabla dashibodi haijarudishwa, ipigie picha namba za miguu yake, andika namba ya laini iliyo ndani, na nywila ibadilishwe wewe ukiwa umesimama hapo. Fundi mzuri hatakasirika. Yule mzee wa Makutano hata huchora mchoro mdogo kwa kalamu ya risasi nyuma ya risiti.

Yeye pia ana katoni chini ya meza yake iliyojaa masanduku ya DCM na simu za Mercedes za zamani alizozitoa. Nilidhani anaziuza kama vyuma chakavu. La, masanduku yenyewe hayana bei. Anachokihifadhi ni plagi, kila moja akiwa ameikatia mkia wa waya wa urefu wa kiganja, na karatasi ndogo imefungwa kwa uzi kueleza ilitoka gari gani. Plagi hizo huwezi kuzipata dukani Meru, na mteja wa Bluetooth iliyonyamaza lazima atakuja.